Kuchangia chuo nilikosoma: nimetoa mara tatu, nawapa nyota tatu

Hela ya kwanza niliituma Desemba 2019, shilingi 50,000, nikiwa juu ya ngazi kule Seeta nafunga taa kwenye dari ya watu. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye kundi letu la WhatsApp la waliosoma chuoni: chuo kinawakumbuka, nanyi kikumbukeni. Chini yake namba ya simu. Nikaingiza kiasi, na kabla sijaweka namba ya siri simu ikaniletea jina la mpokeaji. Halikuwa jina la chuo. Lilikuwa la mtu, la kwanza na la ukoo, kama vile namtumia shemeji hela ya sabuni. Nikasita. Fundi mwenzangu akaniita nimpe testa, nikabonyeza.

Mpaka leo sijui ile hela iliishia wapi. Risiti sikupata, asante sikupata, hata "imefika" sikuambiwa.

Ninachokipima hapa ni huduma ya ofisi ya wahitimu na marafiki katika chuo kimoja cha ufundi mashariki mwa Uganda. Jina naliweka kapuni, kwa sababu waliokuwepo wakati ule wengi wameondoka, na waliopo sasa sitaki wabebe mzigo usio wao.

Mtaniuliza kwa nini nilituma hata baada ya kusita. Nimezaliwa kambini Jinja, baba askari, ndiyo maana Kiswahili kwetu ni lugha ya nyumbani wakati majirani zangu wa Mukono wakinisikia nikiongea na simu wanadhani namkamata mtu. Baba alipostaafu, karo ikawa ya kuungaunga. Mwaka 2013, muhula wa mwisho, nilikuwa nadaiwa 180,000. Mhasibu alibandika orodha mlangoni: hawa hawafanyi mtihani wa UBTEB, bodi ya mitihani ya ufundi, mpaka wamalize deni. Tulikuwa sita. Ijumaa nikaenda kuomba muda, nikakuta majina yote sita yamepigwa mstari kwa kalamu nyekundu. Nikajua tumeshafukuzwa.

"Binti, nenda ukasome," mhasibu akaniambia bila kuinua kichwa. "Kuna mtu aliyesoma hapa kawalipia."

"Nani, mzee?"

"Hakutaka mjue."

Nimemuuliza kila niliyeweza kumuuliza, sijampata. Kwa hiyo mtu akiniambia wahitimu wanachangia kwa sababu wanakipenda chuo chao, nacheka. Mimi chuo kile sikukipenda. Maharage yalikuwa na dudu, bweni la wasichana lilivuja upande wa madirishani, na mwalimu mmoja aliniambia waziwazi kwamba mwanamke hapandi nguzo. Natoa kwa sababu nina deni la 180,000 kwa mtu nisiyemjua, na mlango pekee wa kumlipia ninaoujua ni ule wenye alama za gundi za ile orodha.

Mara ya pili ilikuwa 2022, chakula cha jioni hotelini Kampala, tiketi 150,000. Hapa nitakaa kidogo, maana wengi wenu mtaalikwa kwenye kitu kama hiki.

Tuliambiwa saa kumi na mbili, tukaanza saa mbili na nusu. Hotuba nne. Mgeni rasmi alisema jambo moja la maana, kwamba Makerere yenyewe, inayotutazama sisi mafundi kwa chini, ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi: wanafunzi 14, useremala, ujenzi na mitambo. Tulipiga makofi mpaka vijiko vikacheza mezani. Baada ya hapo ukaja mnada wa keki. Mkandarasi mmoja akainunua kwa milioni moja, akairudisha inadiwe tena, akainunua mwingine, naye akairudisha. Ilipokatwa hatimaye, saa tano usiku, ilikuwa kavu kama matandazo. Kisha zikagawiwa kadi za ahadi, zilezile tunazojaziana kwenye vikao vya harusi. Jirani yangu aliandika milioni mbili, akanikonyeza.

Kilichonifaa usiku ule ni meza yangu tu. Kila mtu pale alikuwa na sababu yake na hakuna iliyofanana na ya mwenzake. Yule mkandarasi alisema bila aibu kwamba anatafuta vijana wa kuajiri na hataki kuwafundisha upya, kwa hiyo ni heri alipie karakana kuliko alipie makosa. Mama mmoja hakusoma pale kabisa. Kaka yake ndiye aliyesoma, akafariki kabla ya kumaliza, na kila Januari yeye hulipia mtoto mmoja muhula mmoja. Na kulikuwa na mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya lango la chuo. Shule yake iliishia darasa la saba. Alisema miaka yote wanafunzi humjia na vihela vya kuhesabu, wakitaka nusu mita ya waya, na yeye huwapa mita. "Mimi nilianza kuchangia kabla hawajaniomba," akasema. "Ni vile tu sikujua jina lake ni mchango."

Nikauliza meza nzima: hela ya leo inakwenda kufanya nini? Hakuna aliyejua. Kwenye kadi iliandikwa "maendeleo ya chuo".

Nikamkumbuka mwenye nyumba wangu, mtu wa Buganda, na karatasi yake ya Ettofaali, ule mchango wa "tofali" wa kujenga upya makaburi ya wafalme wao. Makaburi hayo, ya Kasubi hapo Kampala, yaliungua Machi 2010. Charles Peter Mayiga alipokuwa Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, mwaka 2013 akaanza kuzunguka, akiomba kila mtu atoe tofali lake. Kazi ilikwenda polepole, watu wakanung'unika, na ni mwaka 2023 tu UNESCO ilipoyatoa makaburi kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Lakini mzee yule ukimuuliza hela yako ilikwenda wapi, hasemi maendeleo. Anasema Kasubi, na anakuonyesha upande ilipo. Tofali unaweza kuliona akilini. Maendeleo mtu anayaona wapi? Sikujaza kadi. Nyota moja kwa usiku ule, na hiyo ni ya pilau.

Sasa mara ya tatu, ambayo ndiyo imenifanya niandike. Mwaka 2024 ofisi ilipata msimamizi mpya, dada aliyesoma ushonaji palepale. Hakutuma ujumbe wa kukumbukana. Alituma orodha yenye bei: multimita (mita za kupimia umeme) nne, rola sita za waya wa 2.5, plaizi kumi, mashine moja ya kupinda paipu. Kila kitu na idara yake, na mbele ya kila kimoja nafasi ya kuandika "kimepatikana". Chini, namba ya malipo ya chuo chenyewe. Nilipoijaribu simu ikaniletea jina la chuo. Hilo si jambo dogo: ukimtumia mtu binafsi, lazima aende kutoa kwa wakala, na pale pana ada ya kutolea pamoja na kodi ya asilimia 0.5 inayokatwa kwa kila hela inayotolewa. Mchango unaanza kuliwa kabla haujafika langoni. Nililipia multimita moja saa nne asubuhi. Saa nane risiti ilikuwa kwenye simu yangu, na kwenye orodha mpya pameandikwa "multimita: 1 imepatikana, bado 3".

Rola la waya nililipeleka mwenyewe. Nilitaka kuona. Karakana ya umeme ni ileile, mbao zilezile za mazoezi zimepigiliwa ukutani, na juu yake wanafunzi wanafunga soketi na swichi kisha wanafungua ili mwingine afunge. Mwalimu alinionyesha boksi la waya wanaotumia. Kila mwanafunzi anapofunga, anachuna ncha kidogo ipate kuingia kwenye skrubu. Anayefuata anaikata ile ncha iliyochakaa, anachuna nyingine. Waya ulioanza ukiwa mita mbili sasa ni shubiri. Nilimwona kijana anajaribu kuufikisha kutoka swichi hadi taa, hautoshi, akaunga vipande vitatu kwa kuvisokota na kuvifunga nailoni ya mfuko. Ukifanya hivyo kwenye nyumba ya mtu, unaichoma. Na hapo anafundishwa! Mwalimu anajua, akaangalia pembeni.

Nikamkabidhi rola mzee wa stoo. Akalipima kwa mkono, akavaa miwani, akaandika kwenye daftari tarehe, kitu, idadi, aliyeleta, akanigeuzia niweke sahihi. Nikamuuliza kama anayo madaftari ya 2013. Akasema mchwa.

Wiki mbili baadaye ikanipigia namba nisiyoijua. "Anti, samahani, mimi ni mwanafunzi wa umeme mwaka wa kwanza. Mwalimu amesema kila anayeitumia mita mara ya kwanza ampigie aliyeileta." Nikamuuliza amepima nini. "Soketi ya darasani. Imeonyesha volti 238." Nikamwambia hiyo ni sawa, asishike ncha za chuma. Akasema, "Najua, anti," kwa sauti ya mtu aliyeshazishika.

Dosari bado zipo. Dada wa ofisi akiwa likizo, simu haipokelewi na mtu mwingine. Wenzetu walio Dubai na Uingereza wanalalamika kwamba wakitaka kutuma kutoka huko hawapewi njia rasmi, inabidi wapitishie kwa ndugu, tukarudi kulekule kwa shemeji. Na kuna ubao mpya mlangoni wa majina ya waliotoa zaidi ya milioni moja, kwa herufi za dhahabu. Mwenye duka wa ng'ambo ya barabara hayumo. Yeye hutoa kwa mita.

Kuhusu ile 50,000 yangu niliuliza pia. Dada alitafuta siku mbili, akanipigia kusema hakuna kumbukumbu, akaomba radhi kwa kosa ambalo hata hakuwepo likifanyika. Nyota ya tatu ni ya simu ile.

Mnaokijua chuo mkitaka kutoa, dirisha ni la pili kushoto ukishapita lango, Jumatatu hadi Ijumaa, na nendeni kabla ya saa saba maana baadaye mzee wa stoo huenda kula. Multimita zimebaki mbili.