Kipi Kianze? Riwaya, historia na wasifu kwa maktaba yenye fungu dogo

Kamati ya maktaba ikipata fedha kidogo, kwa kawaida huanza na riwaya. Walimu wanazitaja, wasomaji wanazijua kwa majina, na duka lolote la vitabu lina mbili tatu rafuni. Historia na maisha ya watu huambiwa yasubiri mwakani. Mimi ningegeuza. Riwaya nzuri ya Kiswahili huchapwa tena na tena, hasa ikiwahi kuingia kwenye mtaala. Kitabu cha historia mara nyingi huchapwa mara moja, kikauzwa, kikaisha, na ukikiulizia baada ya miaka michache unaelekezwa kwa wauza vitabu vya zamani, ukabahatishe.

Kwa hiyo orodha hii haipangi waandishi kwa ukubwa wa majina yao. Nimejiuliza mambo matatu tu: kitabu kitaazimwa na watu wa namna gani, kikikosekana leo kitapatikana kesho, na kitavumilia mikono mingapi. Nimefikiria maktaba ya kata, au ya shule inayofungulia watu wa mtaani jioni, yenye fungu la vitabu kama ishirini na wasomaji wengi wanaopendelea Kiswahili.

1. Wasifu wa Siti binti Saad, Shaaban Robert

Wengi wangetaja Kusadikika, kitabu kingine cha Shaaban, kwanza. Ni kitabu kikubwa, lakini kila mtu aliyepita sekondari ameshakutana nacho, na nakala zake si za kutafuta kwa tochi. Kisa cha Siti, mwimbaji wa taarabu, ndicho kinachokosekana rafuni, na ndicho ningekilipia kabla ya chochote.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika nyumba ya wafinyanzi. Alitembeza vyungu, akivinadi kwa sauti ambayo watu waliisikia kabla hawajamwona. Akahamia mjini, akafundwa muziki, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert, ambaye alipata kuzungumza naye, alimwandikia wasifu uliotoka mwaka 1958. Kitabu ni chembamba. Mama wa makamo anakimaliza kwa siku mbili, na kijana anayesikiliza taarabu kwenye simu anapata kujua ilipopitia.

Kina upungufu wake. Shaaban anasifu kuliko anavyochunguza. Kila baada ya hatua chache anasimama kutoa nasaha, na msomaji anayetaka kujua ugomvi, fedha na mahasimu wa Siti atabaki na njaa. Lakini nioneshe kitabu kingine cha zamani cha Kiswahili kinachompa mwanamke wa kawaida, asiye mtoto wa mfalme, maisha mazima kwa jina lake. Nunua nakala mbili. Moja itapotea.

2. Vuta N'kuvute, Adam Shafi

Kama riwaya ni moja tu, iwe hii. Yasmini, msichana wa Kihindi, anaozwa kwa Bwana Raza, mzee mwenye duka, anatoroka, na kutoka hapo anaingia katika Unguja ya siasa za chini kwa chini, ya vikao vya siri na makachero wa Mwingereza wanaomwinda Denge, kijana mpigania uhuru. Ina mapenzi, ina mbio, ina ngoma, na Kiswahili chake kinatoka mitaani, hakikupigwa pasi. Anayependa hadithi anasoma kwa ajili ya Yasmini. Anayependa historia anasoma kwa ajili ya Zanzibar ya kabla ya uhuru. Vitabu vinavyoazimwa na makundi hayo mawili kwa pamoja ni vichache.

Kilitoka Mkuki na Nyota mwaka 1999, na filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 ikaleta wasomaji wapya. Kwa kuwa kimewahi kuwa kwenye orodha ya kidato cha tano na sita, wanafunzi watakigombea. Weka nakala moja pembeni kwa watu wazima, isitoke kwa mwanafunzi. Fedha zikibaki, ongeza Kuli, inayozungumzia wapagazi wa bandarini na mgomo wa mwaka 1948. Ni nyepesi zaidi, na kwa msomaji anayerudia kusoma baada ya miaka mingi ya kuacha, pengine hiyo ndiyo ya kumkabidhi kwanza.

3. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, pamoja na Peponi ya Abdulrazak Gurnah

Nimeviweka nafasi moja kwa makusudi, na nashauri vikae ubavu kwa ubavu hata rafuni.

Cha kwanza ni maisha ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar wa pembe za ndovu na watumwa, kwa maneno yake mwenyewe. Anaanza akiwa kijana wa miaka kumi na miwili, akifuatana na jamaa zake safari za karibu kununua sandarusi, yaani utomvu wa mti, na kabla hujakaa sawa yuko Tabora, kisha ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kasongo na Manyema, ana maelfu ya watu nyuma yake na pembe zisizohesabika. Mwaka 1887 akakubali kuwa liwali wa Stanley Falls, Kongo, kwa niaba ya dola ya Leopold, mfalme wa Ubelgiji. Anasimulia vita, mateka na bei ya pembe kwa sauti ileile, bila kupandisha wala kushusha, na hapo ndipo msomaji anaposhtuka. East African Literature Bureau ilikitoa miaka ya 1960, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Ukikiona kwa muuza vitabu vya zamani, usikiache ukisema utarudi.

Peponi ni Paradise ya Gurnah, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994, ikatafsiriwa na Ida Hadjivayanis na kutolewa mwaka 2022, baada ya mwandishi kupata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Mtoto Yusuf anachukuliwa na tajiri ambaye amezoea kumwita ami, bila kujua kwamba baba yake amemtoa rehani kwa deni. Naye anafuata msafara wa bara, lakini tunamwona kutoka chini, kwa macho ya mtu asiyeulizwa anataka nini. Ukimaliza Tippu Tip ukasoma Yusuf, njia ni zilezile ila aliyebeba mzigo ndiye sasa anayetazama. Tafsiri imekaa vizuri mdomoni. Kuna kurasa ambazo ungedhani ziliandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Wasomaji walioko Lubumbashi, Goma au Kigoma watavichukua vyote viwili bila kubembelezwa.

4. Siku Njema, Ken Walibora

Hiki hakihitaji maneno mengi. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga, anavuka mpaka kumtafuta baba yake hadi Kitale. Kimetoka mwaka 1996 na bado vijana wanakisoma kwa pumzi moja. Ukiwa na msomaji wa miaka kumi na minne aliyechoka na vitabu vya shule, mpe hiki. Kisha, akikirudisha na kuuliza kuhusu mwandishi, mpe Nasikia Sauti ya Mama, tawasifu ya Walibora mwenyewe. Hakuna njia rahisi kuliko hiyo ya kumtoa kijana kwenye riwaya na kumwingiza kwenye maisha ya watu wa kweli.

5. Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu, Ali Hassan Mwinyi

Wakubwa wetu wengi huandika kumbukumbu zao kwa Kiingereza. Rais Mkapa alifanya hivyo mwaka 2019, na wasifu mkubwa wa Mwalimu Nyerere wa Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, juzuu tatu za mwaka 2020, nao ni wa Kiingereza. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini kwa fungu la vitabu ishirini juzuu hizo zitakula sehemu kubwa na kuazimwa na wachache. Viachie vyuo kwanza.

Mzee Mwinyi aliandika kwa Kiswahili, kitabu kikazinduliwa Mei 2021, na ndiyo maana kiko hapa. Wazee watakuja kukitafuta kwa ajili ya miaka yake ya urais, 1985 hadi 1995, maduka yalipojaa tena na watu wakampa hilo jina la Rukhsa. Watasoma na kubishana naye. Kama ilivyo kwa kumbukumbu zote za viongozi, mwenye kalamu ndiye hakimu wa kesi yake. Mkutubi anayejua kazi yake hatakiacha kitabu cha namna hii kisimame peke yake rafuni.

6. Historia za kununuliwa mbili mbili

Hapa kamati nyingi huogopa. Kitabu cha Mohamed Said kuhusu Abdulwahid Sykes, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1998 na kwa Kiswahili mwaka 2002, kinadai kwamba mchango wa Waislamu wa Dar es Salaam na wa ukoo wa Sykes katika kuasisi TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, umefutwa kwenye historia rasmi. Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru! cha Harith Ghassany, cha mwaka 2010, kinayafukua Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964 kwa ushahidi wa watu waliokuwapo, na kimegawa wasomaji tangu kilipotoka.

Nunua. Ila usinunue upande mmoja. Tafuta pia historia ya TANU iliyotayarishwa na Chuo cha Kivukoni, chuo cha chama, mwaka 1981, ambayo ndiyo hasa Mohamed Said anaijibu. Msomaji akiviweka mezani pamoja anaona kipi kimetaja nani na kipi kimenyamaza wapi. Akipewa kimoja tu, anaondoka na imani badala ya historia. Wakikulalamikia wa pande zote mbili, basi rafu imekaa sawa.

Na kabla ya hivyo vyote, tazama mlikojenga. Maktaba ya Lushoto au Korogwe isiyo na Habari za Wakilindi, yaani watawala wa zamani wa Usambara, ya Abdallah bin Hemedi, iliyochapwa upya mwaka 1962, imeruka jambo la nyumbani. Songea, Liwale na Kilwa vitafutiwe chochote cha Kiswahili kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ukiwemo utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini. Kwa maktaba hizo, namba sita hii inapanda hadi namba moja.

7. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Aniceti Kitereza

Kama ningepanga kwa ubora tu, hiki kingekuwa juu kabisa. Kitereza alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, mwishowe akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikatoka mwaka 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Mume na mke wa Ukerewe hawana mtoto. Maneno ya ndugu yanamrudisha mke kwao. Mume anakwenda kumkomboa na wakwe wanamtoza pombe ya ndizi. Unaambiwa jinsi inavyotengenezwa, hatua kwa hatua, na nani anakaa wapi wakati wa kuinywa. Ni riwaya, na ni ghala la maisha ya kisiwa kile kabla ya wageni.

Kimeshuka hadi saba kwa sababu ni kinene mno na si kila msomaji atafika mwisho. Mwanza, Musoma na Bukoba wakipandishe.

8. Willy Gamba na Bwana Msa

Kama shabaha ni kujaza daftari la waazimaji, riwaya za Elvis Musiba na za Muhammed Said Abdulla zingekuwa za kwanza. Mpelelezi Willy Gamba bado anawakesha watu wazima, na Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, ana mashabiki wasiokoma. Nimeziweka chini kwa sababu huja kwa kuokoteza, nakala moja hapa nyingine pale, nyingi zimeshatumika. Tenga hela kidogo ya mfukoni kwa ajili yake, ununue kila unapokutana nazo.

Vya kuacha kwa sasa

Miongozo na tahakiki za vitabu vya mtihani zisitoke kwenye fungu hili. Hizo ni kazi ya bajeti ya shule. Achana pia na nakala za fotokopi zilizobanwa jalada la rangi: hurufi zimefifia pembeni, na hela haimfikii mwandishi. Rosa Mistika ya Kezilahabi iliwahi kupigwa marufuku mashuleni, na kamati fulani bado huikwepa. Hiyo usiiache. Iweke rafu ya watu wazima.

Kabla ya kulipa

Vitabu vyetu vingi vya jalada laini vimegundishwa tu, havikushonwa uzi. Fungua katikati, kiweke kifudifudi mezani, ukandamize mgongo kwa kiganja. Ukisikia gundi ikialika na kurasa mbili zikajitokeza, rudisha uombe nyingine. Pitisha kidole gumba kwenye namba za kurasa: makosa ya kiwandani huwa ni kifungu kizima kilichorukwa au kilichojirudia, na katika kitabu kinene kama cha Kitereza hutagundua mpaka msomaji wa tano aje kulalamika. Nunua moja kwa moja kwa mchapishaji pale unapoweza, uulize punguzo la maktaba, na ankara iandikwe jina la kitabu na mwaka wa toleo, si "vitabu mbalimbali". Plastiki ya kufunikia majalada iingie kwenye hesabu hiyohiyo, kabla kitabu cha kwanza hakijatoka mlangoni.