Kompresa ya VLC: dawa ya muvi zinazonong'ona halafu zinalipuka

Wadau, habari zenu, karibuni tena kwenye chaneli. Leo sina simu mkononi wala laptopu mpya. Nina kidude kimoja, kompresa, kimejificha ndani ya VLC, programu ya kuchezea video ambayo wengi wenu mnayo tayari, na naamini wengi hamjawahi hata kukifungua. Nimekipenda sana, na jambo lililonifanya nikitafute limenikera sana, kwa hiyo msikimbilie video nyingine, kaeni hapa.

Kero yenyewe ni muvi. Usiku, chumba cha kupanga, ukuta hauzuii kitu, mtoto wa jirani kalala. Kwenye muvi watu wawili wananong'ona, wewe unapandisha sauti. VLC inakubali mpaka asilimia 125, unafika huko huko, ndipo unaanza kuambulia maneno. Mara mlango unavunjwa, risasi, kioo, na nyumba nzima imeamka. Unashusha haraka. Wanaanza tena kunong'ona. Unapandisha. Saa mbili za muvi kidole kiko kwenye kibodi tu! Hiyo siyo starehe.

Na kupandisha sauti hakutasaidia kamwe, kwa sababu kunapandisha vyote kwa pamoja, mnong'ono na bomu. Muvi kubwa huchanganywa sauti kwa ajili ya ukumbi wa sinema, mahali tulivu penye spika za maana. Kwenye mfumo wa 5.1, yaani spika tano na moja ya besi, maneno ya waigizaji karibu yote hupita spika ya katikati. Laptopu yako haina spika hiyo. Ina vijispika viwili vinavyotazama meza, na humo humo ndimo yanamwagwa maneno, muziki na milipuko. Maneno yanamezwa.

Sasa fungueni VLC. Kwenye Windows bonyeza Ctrl na E. Dirisha linakuja, upande wa sauti kuna ikwalaiza, hiyo mnaijua, siipotezei muda. Pembeni yake kuna kichupo kimeandikwa Compressor. Weka tiki ya kuwasha. Unaona slaida saba zimesimama. Na tuelewane: hapa hatubani faili kama MP3 inavyobana. Faili lako haliguswi, halipungui hata kidogo. Kinachobanwa ni umbali kati ya sauti ndogo na sauti kubwa, wakati sauti inatoka.

Nimerekodi kipande changu mwenyewe ili msikie vizuri: nanong'ona sentensi moja, naangusha sufuria sakafuni, kisha naendelea kunong'ona. Feni iko nyuma, nimeiacha makusudi. Kabla hujasikiliza, bofya alama ya gia kwenye video hii na uzime Stable volume, kwa sababu hiyo ni YouTube nayo inabana sauti yake, itaniharibia mfano. Umezima? Haya.

Mwanzo, bila kompresa. Mmesikia? Mnong'ono hausikiki, sufuria inapasua masikio. Kwenye kipimo, sifuri ndiyo juu kabisa, mnong'ono wangu uko kama desibeli 35 chini ya sifuri, sufuria iko 4 chini ya sifuri. Umbali ni desibeli 31. Hilo ndilo tatizo lote.

Naenda palipoandikwa Threshold. Hiki ni kizingiti: sauti ikiwa chini yake inaachwa ipite, ikivuka inakandamizwa. Nashusha mpaka hasi 24. Kisha Ratio, nayo naiweka 4. Maana yake, kila desibeli 4 zinazovuka kizingiti, inatoka 1 tu. Sufuria yetu imevuka kwa 20, kwa hiyo inatoka imevuka kwa 5, inaishia hasi 19. Mnong'ono haujafika kwenye kizingiti, umebaki pale pale hasi 35. Umbali uliokuwa 31 sasa ni 16! Sikilizeni. Sufuria imekuwa na adabu, ila kila kitu kiko chini.

Hapo ndipo inapoingia slaida ninayoipenda kuliko zote, ya mwisho, Makeup gain. Hii inarudisha nguvu kwa kila kitu baada ya kukandamiza. Napandisha taratibu, tano... nane... kumi na mbili. Sikilizeni mnong'ono unavyosogea mbele! Sasa uko hasi 23, na sufuria iko hasi 7, bado iko chini ya ilivyokuwa mwanzo kabisa. Yaani mnong'ono umepanda desibeli 12 na sufuria imeshuka 3. Narudia tena, sikilizeni sentensi ile ile. Mnasikia hata mate kinywani. Na hii ni laptopu ya kawaida kabisa, sijachomeka spika ya nje.

Ila kuna kitu, nadhani wenye masikio makali wamekigundua. Mwanzo kabisa wa sufuria kuna "ta!" imepenya. Hiyo ni Attack, muda ambao kompresa inachukua kushtuka na kukandamiza. Ikiwa kwenye milisekunde 25, ule mgongano wa kwanza umeshapita. Naishusha mpaka chini kabisa. Sikilizeni. "Ta" imelegea. Kwa usiku, mimi naiacha huko chini.

Na Release ni kinyume chake, muda wa kuachia. Hapa ndipo watu wanapoharibu halafu wanasema VLC mbaya. Naipandisha mpaka mwisho, 800: sufuria inaanguka, halafu maneno mawili matatu yanayofuata yanapotea, kwa sababu kompresa bado haijaachia. Naishusha mno: sasa sikilizeni feni. Sufuria ikianguka, feni inazama, ikitulia, feni inapanda. Vuuu... kimya... vuuu. Sauti inapumua. Ukishaisikia hii mara moja huwezi kuacha kuisikia, itakuchosha muvi nzima. Mimi napenda karibu na 250 kwa muvi za mazungumzo. Kwa muvi za kivita nashuka kidogo.

Zile mbili nyingine ziacheni zilivyo. Na kabla ya kufunga dirisha, bonyeza kitufe cha kuhifadhi kilicho chini. Usipobonyeza, kesho ukifungua VLC unaanza upya.

Muvi zilizotafsiriwa je? Hizi tunazojaziwa kwenye flashi mtaani, mtafsiri anaongea juu ya muvi. Zenyewe zina shida nyingine: mara nyingi sauti ya mtafsiri ndiyo kubwa na muvi imesukumwa chini. Kompresa inasaidia, muvi yenyewe inaanza kusikika, lakini usiweke Ratio kubwa, anza na 2. Ukienda 6 au 8, kila mtafsiri akivuta pumzi, makelele ya nyuma yanaruka juu.

Muziki, zima. Hapa sina huruma. Bongo Fleva nyingi zimeshabanwa studio, ukibana tena unapata sauti bapa. Na taarabu ndiyo usithubutu. Fidla zinaanza chinichini, kanuni, ile ala ya nyuzi, inadondosha noti moja moja, mwimbaji anaingia, halafu kiitikio kinapanda na kundi zima. Kule kupanda ndiko raha yenyewe. Ukibana, kiitikio kinakuja kwa nguvu ile ile ya mwanzo, umeuua wimbo.

Kuhusu bei: sifuri. Hakuna toleo la kulipia, hakuna matangazo, kupakua ni takriban MB 40, bando dogo linatosha. VLC ilianza 1996 kama mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris kule Ufaransa, na 2001 msimbo wake ukaachiwa huru. Jean-Baptiste Kempf, anayeongoza VideoLAN, shirika linalotengeneza VLC, ameeleza hadharani kwamba alikataa mamilioni ya euro ili wasituwekee matangazo. Mimi namheshimu sana kwa hilo. Kuna programu nyingine ya kukuza sauti, siitaji, niliilipia kwa kadi, ndani yake nikakuta kitufe kimoja kikubwa cha kuwasha na kuzima. Huwezi kugusa kizingiti, huwezi kugusa chochote, na kulipa ni kila mwezi.

Kwa muvi VLC inatosha, lakini tuwe wakweli, ina mpaka wake: inabana sauti inayocheza ndani ya VLC tu. Ukifungua kivinjari, mkutano wa mtandaoni au gemu, haipo. Windows ina kitu chake kinaitwa Loudness Equalization kwenye sifa za spika, ila kuwepo kwake kunategemea dreva ya sauti ya kompyuta yako, na hata kikiwepo hakikupi slaida hizi. Equalizer APO ni ya bure na inakamata sauti ya kompyuta nzima, ila kompresa unaiongeza mwenyewe, kwa mfano ReaComp ya Cockos, nayo bure. Inahitaji subira. Na watu wa Linux, nyie mmebarikiwa: Easy Effects juu ya PipeWire, mfumo wa sauti wa Linux, ina kompresa nzuri, programu zote zinapita humo. Nikiwa upande wa Linux, hata VLC yenyewe kompresa yake naizima. Ndiyo, nimesema, Easy Effects naipenda zaidi.

Jumamosi saa tatu usiku nitakuwa mubashara, siyo Ijumaa tena, umeme wa Ijumaa siuamini. Andikeni kwenye maoni muvi inayowasumbua, ni dakika ya ngapi, na laptopu gani mnatumia. Nitaifungua hapa hapa na tutapanga slaida pamoja, tukianzia na Threshold.