Gari la zamani la kutembelea kila siku Dodoma: fungua mfuniko wa rejeta kwanza

Mwezi wa kumi, mwaka juzi, saa tisa alasiri, natoka Mtumba kurudi mjini. Nakaribia Nzuguni, mvuke ukapanda mbele ya kioo na injini ikazima yenyewe. Gari lilikuwa na wiki tano tu mkononi mwangu. Nililinunua milioni 6 na laki 8: rangi inang'aa, viti vimevalishwa upya, namba ya usajili ya herufi A, dalali ananiapia kwamba injini haijawahi kufunguliwa. Fundi alipoifungua alikuta gasketi (kizibio kati ya injini na kichwa chake) imeungua na silinda hedi (kichwa chenyewe) imepinda. Aina ya gari siitaji, maana kiwanda hakina kosa. Kosa lilikuwa kwenye rejeta, ile inayopoza maji ya injini, na lilikuwemo siku naweka saini.

Rejeta tuliipeleka kwa fundi wa rejeta kule Majengo. Aliyeyusha risasi ya kuunganishia kwenye ukingo kwa moto wa gesi, akalinyanyua tangi la juu kwa koleo, akaniita, "Dada, njoo uone birika lako." Ndani palikuwa peupe. Ukoko ule ule tunaoukwangua kwenye mabirika ya chai ulikuwa umelala juu ya midomo ya mirija, mgumu kama chokaa ya ukutani, na chini yake tabaka la kutu. Nilihesabu mirija iliyobaki wazi: kumi na moja. Iliyobaki yote ilikuwa imeziba. Aliyekuwa nalo kabla yangu alikuwa anajaza maji ya bomba, miaka nenda rudi.

Aliyeishi Dodoma anayajua maji yetu. Sehemu kubwa ya maji ya mjini hutoka visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na wengi pembezoni tunachimba visima vyetu wenyewe. Ni maji ya ardhini yenye madini mengi. Sabuni inasumbua kutoa povu, na sufuria inabaki na duara jeupe. Ukiyachemsha, madini hayaondoki na mvuke, yanaganda. Injini nayo inayapasha maji hayo moto kila siku, na kila ukiongeza lita moja unaongeza na chumvi mpya juu ya ile ya zamani.

Halafu kuna mwinuko. Mji uko mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji ya wazi hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Kinachoiokoa injini ni mfuniko wa rejeta. Mifuniko mingi ya Kijapani imeandikwa 0.9 au 1.1, hicho ni kiasi cha presha inachozuia, na kwa 0.9 maji yanavumilia hadi juu ya nyuzi 115 kabla hayajachemka. Mfuniko uliochoka, mpira wake umekatika, unakurudisha kwenye 96. Kifaa cha elfu chache kinaua injini ya milioni, na sijawahi kumsikia mnunuzi akikiulizia.

Ndiyo maana mwongozo huu hautazungumzia rangi, viti wala redio. Kutu nitaitaja kwa sentensi moja: Dodoma ni pakavu, na bodi ya gari lililokaa huku kwa kawaida ni nzima kuliko ya lililokulia kwenye upepo wa bahari Dar au Tanga. Mengine fundi wako atakuambia.

Sasa, nenda kaangalie gari alfajiri, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukikuta boneti ina moto, ahirisha, urudi siku nyingine. Injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko (ya moto usiiguse, itakuunguza uso) na uchungulie. Maji ya rangi ya chai ya rangi ni kutu. Weupe kwenye midomo ya mirija ndio ugonjwa nilioununua mimi. Maji meupe maangavu, mapya kabisa, yananitisha kuliko hayo yote, kwa sababu mtu ameyabadilisha jana ili usione kitu. Ingiza kidole, kwangua chini ya shingo ya rejeta. Ukoko hautoki kwa kumwaga maji.

Acha mfuniko wazi, waombe wawashe, huku mkono wako umeshika hosi ya juu, mpira unaotoka injini kwenda kwenye rejeta. Kama thamostati (vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikishapata moto) ipo na inafanya kazi, hosi itabaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha itapata moto ghafla. Ikianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, thamostati imetolewa. Mapovu yanayoendelea kutoka hata baada ya injini kupata moto ni dalili ya gasketi. Zimisha, subiri feni isimame kabisa, upapase uso wa rejeta kwa kiganja. Sehemu iliyobaki baridi katikati ya moto ina mirija iliyoziba. Angalia na mshale wa joto kwenye dashibodi, maana wapo wanaochomoa waya ili mshale ulale chini siku zote. Mwisho, tafuta kava la feni, lile duara la bati au plastiki linaloizunguka feni. Mafundi wanalitoa wakati wa kazi na hawalirudishi, na bila kava feni inavuta hewa ya pembeni badala ya kuivuta kupitia rejeta. Kwenye foleni ya saa kumi na moja jioni utajua tofauti yake.

Kuhusu thamostati nina la kusema. Gereji ngapi mjini hapa zitakuambia, "Huku kwetu joto, hii toa tu"? Mimi nimeambiwa na mafundi watatu tofauti, na wote walisema kwa nia njema. Si kweli. Thamostati nyingi zinafunguka kati ya nyuzi 80 na 90, na baada ya hapo hazizuii kitu. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta zaidi na inalika haraka. Tena ziko injini, hasa za dizeli, ambazo thamostati yake ndiyo inayofunga njia ya mkato; ukiitoa, maji ya moto yanazunguka humo humo ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linachemka zaidi kuliko mwanzo. Fundi anayetoa thamostati ameficha dalili, na mnunuzi anayefuata ndiye anayelipa.

Magari yenyewe nayapanga kwa kipimo hicho hicho: likiwa Dodoma, na maji haya, linapona au haliponi?

Namba moja kwangu ni Toyota Corolla DX, KE70, ile ya kuanzia 1979, yenye injini ya 4K ya cc 1290. Siwafichi, mimi ni mtu wa Toyota, baba yangu alikuwa mtu wa Toyota, na nikiona DX iliyonyooka barabarani nageuka kuitazama. Lakini sababu zangu ni hizi. Rejeta yake ni ya shaba, tangi limechomelewa kwa risasi, kwa hiyo fundi analifungua, anapitisha waya kwenye kila mrija, analifunga tena. Rejeta za kisasa za alumini zenye tangi la plastiki lililobanwa hazifunguki hivyo; zikiziba unanunua nyingine, na ukoko utaanza upya. Feni ya DX inazungushwa na mkanda, haina sensa wala waya wa kukatika. Ukifungua boneti unaiona barabara chini, nafasi ni tele, mkono unafika popote. Na familia ya injini za K haikuishia kwenye Corolla. 5K iliendelea kwenye Townace na Liteace zinazobeba matofali na magodoro mjini hapa, kwa hiyo fundi anayeijua humtafuti mbali. Silinda hedi yake ni ya alumini, haisamehi ikichemka mara mbili, na hapo ndipo ukaguzi wa alfajiri unapolipa. Ninayoendesha sasa ni DX, naenda nayo Mtumba siku tano za wiki, na Krismasi iliyopita ilinifikisha Kondoa na kurudi, mshale ukikaa katikati hata kwenye vilima vya njiani.

Namba mbili ni Land Rover Series III, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985, yenye injini ya lita 2.25. Bloku chuma, silinda hedi chuma, rejeta ya shaba. Kwa joto, hii ndiyo ngumu kuliko zote hapa, na kama unaishi Chamwino ndani au shamba lako liko Bahi, ipandishe iwe ya kwanza. Nimeiweka ya pili kwa sababu ya neno moja tu, kila siku. Usukani mzito, springi ngumu za mapande ya chuma, kelele, na petroli inaisha haraka. Lakini usidanganyike kwamba Land Rover mpya zaidi ni salama zaidi. Ile ya 300Tdi ya miaka ya 1990 ina nguvu na ulaji mzuri, ila silinda hedi yake ni ya alumini, na kizibo cha plastiki juu ya rejeta kinakauka na kupasuka. Kizibo hicho kikipasuka, maji yanaisha kabla dereva hajajua. Ukiipenda, badilisha vizibo siku ya kwanza, uweke vya shaba.

Ya tatu ni Mercedes W123, hasa 240D ya dizeli. Zilianza 1976 na zilitengenezwa karibu milioni 2.7, na injini ya OM616 ina silinda hedi ya chuma. Ni gari la heshima, linakwenda taratibu na halichoki. Ila angalia shingo ya rejeta pale hosi ya juu inapoingia. Kama ni ya plastiki, inakatika kwa uzee, mara nyingi siku fundi anapobadilisha hosi. Na spea za Dodoma ni chache, utaagiza Dar ukisubiri basi lilete.

Peugeot 504 naipa nafasi ya nne kwa moyo mzito. Gari hili lilishinda Safari Rally 1975, na toleo lake la V6 likashinda tena 1978. Wazee wetu walivuka nchi nzima nalo, na kiti chake mpaka leo hakijapata mpinzani kwenye barabara ya vumbi. Tatizo ni feni yake ya sumaku-umeme, inayoshika maji yakipata moto na kuachia yakipoa. Makaa yake (vipande vinavyoipitishia umeme) yakiisha feni haishiki, na waliobaki wanaojua kuirekebisha wanahesabika. Wengi wameifunga kwa bolti izunguke muda wote, na hilo linakubalika, lakini uliza.

Kila ninapoongea habari za maji kuna anayeniambia, basi nunua Volkswagen kobe, haina rejeta. Kweli, inapozwa kwa hewa na oili. Lakini hewa yetu mwezi wa kumi ni ya moto na ina vumbi, na vile vipande vya bati na mipira vinavyoelekeza hewa kwenye injini ndivyo vya kwanza kupotea. Iwe gari la pili nyumbani.

Za bei ya chini, Corolla 100 na 110, Starlet, Mark II GX90 na ndugu zake, ni magari mazuri na spea zipo kila kona. Rejeta ni ya alumini na plastiki. Kama imeziba, toa gharama ya mpya kwenye bei kabla hujalipa.

Nalotaka madalali walisikie ni hili. Miaka sita iliyopita DX ilikuwa gari la mzee aliyestaafu, unaikuta imefunikwa turubai, mnaelewana kwa soda. Leo mtu anaipiga picha jioni jua likizama, anaandika "haidai chochote, weka mafuta uondoke, maongezi yapo", na bei imepanda mara mbili bila hata hosi moja kubadilishwa. Kinachopakwa ni rangi, kwa sababu rangi ndiyo inayoonekana kwenye simu. Anayeuza gari la zamani kwa bei ya gari lililotunzwa, aonyeshe risiti ya rejeta, pampu ya maji na kulanti (dawa ya maji ya rejeta). Nimeomba risiti hizo kwa wauzaji tisa, nikazipata kwa mmoja, mwalimu mstaafu anayeishi Kikuyu, hapa Dodoma. Ndiye niliyenunua kwake.

Kodi ya uchakavu imefanya kuagiza gari la zamani kutoka nje kuwa mzigo, kwa hiyo yaliyopo nchini ndiyo hayo hayo yanayozunguka. Ahueni tuliyopata ni ada ya leseni ya gari ya kila mwaka kufutwa 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta. Gari likilala gereji mwezi mzima hulilipii ada hiyo.

Ukishanunua, mwaga yote yaliyomo, peleka rejeta ikafunguliwe hata kama inaonekana nzima, weka mfuniko mpya, thamostati mpya, hosi mpya. Kisha kulanti nusu na maji laini nusu. Maji laini ni yale ya betri, yaliyoondolewa madini, na hakikisha unaponunua hukupewa asidi. Mimi natumia ya mvua. Mvua zetu zinanyesha Desemba hadi Aprili. Ya kwanza naiacha ioshe vumbi la bati, kisha nakinga madumu manne ya lita 20, nayachuja kwa kitambaa, nayafunga. Yananitosha mwaka mzima, na dumu moja dogo la lita 5 halitoki kwenye buti. Likiisha njiani, ni heri chupa za maji ya kunywa ya dukani kuliko bomba la kituo cha mafuta.

Na wewe wa Manyoni uliyenitumia picha za DX ya bluu: nimezikuza, kava la feni halipo, na hosi ya chini imefungwa waya. Mwambie muuzaji alete kava au apunguze bei. Ukienda, lala mjini, ufike kwake saa kumi na mbili asubuhi.