Uchambuzi wa Tochi za Kichwani za LED kwa Safari za Vilimani: Ni Nini Huzizima?

Ndugu watazamaji, karibuni. Mezani mbele yangu kuna tochi tatu za kichwani za LED, na leo sitazipanga kwa wingi wa mwanga wake, kwa sababu mwanga ndiyo sifa ambayo kila mtengenezaji huiandika kwa tarakimu kubwa kwenye boksi, na ndiyo inayompotosha mnunuzi kwa urahisi zaidi. Nitazipima kwa swali moja tu: giza likikukuta kilimani, mvua inanyesha na njia ya kushuka bado ni ndefu, je, tochi hii itawaka na kuendelea kuwaka?

Taa yenyewe haitatuchukua muda mrefu. LED haina waya mwembamba wa kuungua kama balbu za zamani. Ni kipande kidogo cha kielektroniki kinachotoa mwanga wa buluu, kikiwa na utando wa fosfori unaogeuza sehemu ya mwanga huo kuwa wa njano, na macho yetu huuona mchanganyiko huo kuwa mweupe. Isipodhuriwa na joto la kupita kiasi, LED hudumu kwa maelfu mengi ya saa, muda ambao watembeaji wengi hawataufikia maishani mwao. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba tochi yake imekufa, karibu kila mara kilichokufa ni kitu kingine: swichi, springi ya betri, waya, kifuniko, au betri yenyewe.

Swichi ndiyo inayostahili kukaguliwa kwanza, na hapa tochi hizi zinatofautiana sana. Hii ya kwanza, ambayo taa na betri zake tatu za AAA zimekaa pamoja kwenye paji la uso, ina kitufe cha kubonyeza kilichofunikwa kwa mpira. Kitufe cha namna hii hakikati umeme moja kwa moja. Hupeleka ishara tu kwa saketi ya ndani, na saketi hiyo hukaa ikisubiri wakati wote, ikitumia umeme kidogo sana hata tochi ikiwa imezimwa. Ukiihifadhi kwa miezi mingi betri zikiwa ndani, utazikuta zimepungua. Hatari iliyo kubwa zaidi ni begi, kwa sababu kitufe laini kikibanwa na nguo au chombo kingine, tochi huwaka yenyewe humo ndani, nawe ukija kuihitaji jioni hukuti kitu. Siwezi kuisifu tochi yoyote ya kitufe isiyo na njia ya kuifunga swichi isiwake kwa bahati mbaya. Ikiwa yako haina, toa betri moja, au pachika kipande chembamba cha plastiki kati ya betri na springi yake, na umeme utakuwa umekatika kabisa. Tochi ya pili ina swichi ya kuzungusha, ngumu kidogo, yenye mlio unaosikika, na kwangu ugumu huo ni sifa njema: vidole vyako hujua imewashwa au imezimwa bila ya wewe kuitazama, hata ukiwa umevaa glavu.

Sasa nafungua sehemu ya betri. Tazameni hapa kwa makini, kwani nadhani tochi nyingi hufia mahali hapa. Betri tatu zilizounganishwa kwa mfuatano zina sehemu sita za kugusana na chuma, na moja tu ikilegea au ikiingia uchafu, taa yote huzimika, haijalishi betri nyingine zina nguvu kiasi gani. Betri za alkalini zikiachwa humo hadi ziishe kabisa huvuja potasiamu haidroksaidi, ambayo hula chuma na kuacha ukoko mweupe au wa kibuluu kwenye springi. Ukoko ukiwa mdogo, unaweza kuusafisha kwa pamba yenye siki kidogo, kwa kuwa asidi ya siki huidhoofisha alkali hiyo, kisha ufute kwa kitambaa chenye unyevu na ukaushe vizuri. Ila kinga macho na ngozi, maana kemikali hiyo huunguza. Springi ikishaliwa hadi ikawa nyembamba, usiibebe tena tochi hiyo kama tegemeo lako. Na kabla ya kununua au kuondoka nyumbani, fanyeni jaribio hili: washa tochi, uigonge kwa wastani kwenye kiganja, kila upande. Mwanga ukicheza hata mara moja, kuna mguso uliolegea, na mtikisiko wa hatua za kushuka mlima utaulegeza zaidi.

Tochi ya pili imeweka betri zake kisogoni, zikiunganishwa na taa kwa waya unaopita juu ya mkanda. Uzito hugawanyika vizuri na haikuvuti shingo kwa mbele, lakini waya huo umeongeza mahali pa kuharibika. Hauharibiki katikati, huharibika pale unapoingia kwenye kisanduku cha betri au kwenye taa, kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa kila unapoivaa na kuivua. Tafuta kifundo cha mpira kinachoukinga waya mahali hapo, kisha uukunje taratibu taa ikiwa inawaka, uone kama mwanga unabadilika.

Kuhusu maji, alama inayoandikwa kwenye boksi ina maana mahususi. IPX4 humaanisha kwamba kifaa kimestahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande. IPX7 humaanisha kimezamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Na IPX8 ni kuzama zaidi ya hapo, kwa kina na muda anaoutaja mtengenezaji. Herufi X haisemi kwamba vumbi haliingii, husema tu kwamba upande wa vumbi haukutajwa. Kwa mvua ya vilimani IPX4 hutosha, ilimradi mpira wa kuzibia kwenye kifuniko uwe safi na usiwe na ufa. Punje moja ya mchanga juu ya mpira huo inaweza kuyaruhusu maji kupita, na alama ya boksini haitakusaidia.

Nije kwenye muda wa kuwaka. Watengenezaji wengi hupima kwa ANSI FL1, kiwango cha Marekani cha kupimia tochi, kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 2009, na ni jambo jema kwamba kipo, kwani sasa tochi mbili zinaweza kulinganishwa kwa kipimo kimoja. Lakini muda huo huhesabiwa kuanzia sekunde 30 baada ya kuwasha mpaka mwanga ushuke na kufikia asilimia 10 ya ule wa mwanzo. Tochi ya lumeni 400 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga) inayodai saa nyingi huenda ikazitumia nyingi kati ya hizo ikiwa na mwanga hafifu, na mwishoni ikabaki na lumeni 40. Hakuna uongo hapo, ila hiyo siyo picha aliyonayo mnunuzi kichwani. Mwanga mwingi pia huzaa joto, na tochi zilizoundwa vizuri hupunguza mwanga zenyewe baada ya dakika chache ili LED isidhurike. Msiuhesabu upungufu huo kuwa kasoro. Nitakachowaomba ni kutafuta mchoro wa jinsi mwanga unavyoshuka kadiri saa zinavyopita, kisha muamue kwa kiwango mtakachokitumia kweli, ambacho kwa njia ya kawaida mara nyingi ni cha kati.

Namna tochi inavyoishiwa nguvu nayo ni sehemu ya uaminifu wake. Tochi isiyo na saketi ya kudhibiti mwanga hufifia polepole, jambo linalochosha macho lakini linalokupa onyo. Yenye udhibiti hushikilia mwanga uleule kwa muda mrefu, kisha hushuka ghafla. Hii ya tatu ina betri ya ndani ya ioni za lithiamu, na saketi yake ya ulinzi hukata umeme kabisa betri inapofikia kiwango cha chini, hivyo isipokuwa na taa ya kuonyesha kiasi cha chaji, unaweza kuachwa gizani katikati ya hatua. Tena betri ya aina hii haipaswi kuchajiwa ikiwa na baridi ya chini ya nyuzi 0 za Selsiasi, kwa hiyo pawabanki uliyoitegemea haitakufaa mahali penye barafu mpaka uipashe tochi joto kwanza. Tundu lake la kuchajia limezibwa kwa kipande cha mpira, na kipande hicho kikikatika, mvua imepata mlango.

Baridi huzidhoofisha betri zote, ila si kwa kiasi kimoja. Alkalini ndizo huanguka vibaya zaidi. Betri za nikeli za kuchaji hustahimili vizuri kuliko hizo. Na betri za lithiamu zisizochajiwa, za volti 1.5, hufanya kazi hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri. Soma kwanza maelekezo ya tochi kama inaziruhusu, kwa sababu zikiwa mpya volti zake huzidi kidogo zile za alkalini. Kisanduku cha kisogoni hupata faida hapa, kwani unaweza kukifunika kwa kofia ya koti na kukipa joto la mwili.

Uamuzi wangu ni huu. Kichwani ningevaa hii ya pili, kwa ajili ya swichi yake na betri zinazobadilishika, nami nikiukagua waya wake kabla ya kila safari. Ya tatu ningewashauri wale wanaorudi kila siku mahali penye umeme. Ya kwanza, kwa kuwa ni nyepesi na rahisi, ningeiweka mfukoni kama akiba, kwa sababu kubadilisha betri gizani, kwenye mvua, kwa vidole vilivyokufa ganzi, kunahitaji mwanga mwingine.

Tochi hiyo ya akiba huenda pia ikawa ndiyo ya kuitia msaada. Ishara ya dhiki inayotambulika milimani ni mimweko sita ndani ya dakika moja, ikifuatwa na dakika moja ya kutulia, kisha kurudia. Na anayeijibu hutoa mimweko mitatu kwa dakika. Hali ya kumetameta iliyomo katika tochi nyingi huwa ya haraka mno kuweza kutoa mpangilio huo, hivyo itakubidi uutoe kwa mkono. Jaribuni nyumbani mkiwa mmevaa glavu. Ikiwa ni lazima upitie viwango vitano vya mwanga ndipo tochi izimike, mpangilio huo hautaupata, na hiyo ni sababu ya kutosha ya kuchagua tochi nyingine.