Modeli ya mkono yenye misuli ya kubandua: uzoefu wangu baada ya muhula mmoja

Misuli ya ndani, nyuma ya kigasha, ilinitesa kuliko sehemu yoyote ya anatomia. Kwenye picha ni michirizi mitano iliyolaliana, majina yake yakikaribiana mno. Nikanunua modeli ya plastiki ambayo misuli yake inabanduka mmoja mmoja na kushikwa kwa sumaku.

Ukiondoa misuli ya juu, mambo yanafunguka. Supineta, msuli wa kwanza kati ya hiyo mitano, iko karibu na kiwiko, imeukumbatia mfupa wa radiusi, ule wa kigasha ulio upande wa gumba; ndiyo husaidia kugeuza kiganja kitazame juu. Minne iliyobaki inateremka kwa mshazari: mitatu inakwenda kidole gumba, mmoja kidole cha shahada. Mshazari huo sikuwahi kuuona kwenye picha.

Kilichonifurahisha zaidi ni kulinganisha modeli na mkono wangu. Inua gumba kwa nguvu: pale chini yake panatokea kishimo. Ukingo wa upande wa kiganja ni kano mbili zilizobanana, za abdakta polisisi longasi na ekstensa polisisi brevisi, misuli miwili kati ya ile mitatu ya gumba. Ukingo wa pili ni kano ya ule wa tatu, ekstensa polisisi longasi, inayopinda kwenye kinundu cha Lister, kivimbe kidogo cha mfupa nyuma ya radiusi, kabla ya kuelekea gumba. Gusa ndani ya kishimo utasikia mapigo ya ateri ya radiali, na chini yake kuna skafoidi, mfupa mdogo wa kifundo cha mkono. Mtu akianguka akajikinga kwa kiganja, kisha akaumia hapo akibonyezwa, skafoidi hushukiwa kuvunjika.

Sasa kasoro, na kwangu ni kubwa. Supineta ni kipande kimoja kilichogandishwa kwenye mfupa, na neva imechorwa kwa rangi ya manjano juu yake. Sivyo ilivyo. Supineta ina tabaka mbili, na tawi la ndani la neva ya radiali hupenya katikati yake, kisha huenda kuhudumia misuli mingine ya nyuma. Ikibanwa pale, mgonjwa hushindwa kunyoosha vidole na gumba, lakini ngozi yake haifi ganzi. Ukiifuata modeli, hutaelewa kwa nini.

Nimeshona vipande viwili vya kitambaa, nikapitisha uzi wa manjano katikati. Vinakaa ndani ya boksi la modeli, na mwenzangu yeyote anayeiazima namwonyesha hivyo kwanza.