Kula ufukweni au karibu na soko la samaki?
Ukifika mji wa pwani, mikahawa ya ufukweni ndiyo inayokuita kwanza. Meza zinatazama maji, na alasiri upepo wa baharini hupunguza joto. Ila hapo unalipia mandhari pamoja na chakula, na samaki unakutana naye akiwa tayari kwenye sahani.

Sokoni unamchagua mwenyewe. Nenda asubuhi, boti zinaposhusha. Macho yawe maangavu na yametuna, matamvua mekundu. Mbonyeze kwa kidole, nyama irudi palepale. Macho yakiwa yamezama na yana ukungu, mwache. Vibanda vya kulia vilivyo jirani vina mabenchi na kelele, na mimi navipenda mno: mara nyingi anayekula kando yako ni mvuvi aliyetoka kazini.

Kwa matembezi, ufuko unashinda, mradi uulize kwanza saa za maji kupwa. Katika pwani nyingi, kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na dakika 12, na kila siku huchelewa takriban dakika 50. Maji yakishapwa, mchanga huwa mgumu chini ya nyayo, na kaa wadogo hukimbilia mashimoni ukikaribia.