Programu ipi ununue ukitaka kurekebisha mwanga na vivuli kwenye picha za mbwa

Mbwa wangu ni mweusi tii, kuanzia puani hadi ncha ya mkia. Kwa muda mrefu picha zake zilitoka kwa namna mbili tu: ama uso ulikuwa doa jeusi lenye ulimi katikati, ama nilikuwa nimepandisha mwanga mpaka manyoya yakageuka rangi ya majivu. Nililipia programu tatu kabla sijajua nilikokuwa nakosea. Nilikuwa nachagua kwa kuhesabu vichujio na vitufe, kumbe kilichonishinda ni kitu kimoja: kuishika sehemu ninayoitaka na kuiacha ile nisiyoitaka.

Kuongeza mwanga kila programu inaweza. Kazi ni kuuongeza ndani ya tundu la jicho bila kung'arisha paji la uso, na kumtoa mbwa gizani bila kumwachia mstari mweupe kuzunguka masikio. Manyoya ndiyo yanayoleta taabu. Ukingo wa meza ni mstari mmoja. Ukingo wa sikio la mbwa ni mamia ya nywele, na katikati ya nywele hizo mandhari ya nyuma yanachungulia. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa ubora wa maski, yaani lile eneo unaloliwekea mipaka ili programu ifanye kazi humo tu. Gharama na urahisi vinafuata nyuma.

Kabla hujalipa chochote

Angalia kwanza unapiga faili za aina gani. JPEG, ile picha ya kawaida iliyobanwa, inahifadhi ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. RAW, yaani faili ghafi ya kamera, ikiwa ya biti 14 ina ngazi 16,384. Tofauti hiyo utaiona kifuani mwa mbwa mweusi: ukivuta kivuli cha JPEG unapata viraka, ukivuta cha RAW zinajitokeza nywele. Kama kamera au simu yako haitoi RAW, programu ya kulipia itakusaidia kidogo sana. Baki na ya bure.

Jua pia namna kamera inavyodanganyika. Kipimo chake cha mwanga hukichukulia kila kinachopigwa kuwa na ukijivu wa kati. Mbwa mweusi akijaza fremu, kamera humng'arisha kupita kiasi. Mweupe akiijaza, humfifisha akaonekana kama hajaogeshwa. Huyo wa pili anatibika kwa dakika moja. Lakini manyoya meupe yakishaunguzwa na jua yakawa meupe matupu, hakuna programu ya kuyarudisha, kwa sababu ndani ya faili hakuna tena kitu cha kurudisha.

Nafasi ya 1: Lightroom Classic

Ni ya Adobe, inalipiwa kwa usajili, na najua wengi hawaupendi. Mimi pia ningefurahi kulipa mara moja nikamaliza. Naiweka juu kwa sababu ya mfumo wake wa maski ulioingia mwaka 2021. Unabonyeza kitufe cha kuchagua mhusika mkuu, nayo inamtambua mbwa na kumzungushia mpaka. Mara nyingi husahau masharubu, na mkia ukijificha kwenye majani huukata, ila brashi inamalizia hapo.

Kilichonifanya nibaki nayo ni hatua inayofuata. Unaweza kupishanisha maski mbili, likabaki lile eneo linaloingia kwenye zote. Mimi humchagua mbwa, kisha hupishanisha na maski ya kiwango cha mwanga inayochukua sehemu za giza peke yake. Nikipandisha vivuli sasa, manyoya ya giza ya mbwa yanapanda. Mgongo wake unaong'aa haubadiliki, na kivuli cha mti nyuma yake kinabaki palepale kilipo. Picha inaendelea kuonekana kama ilipigwa chini ya mti.

Halafu kuna rangi, jambo ambalo wauzaji wengi hawaligusi. Mbwa aliyekaa kivulini nje anamulikwa na anga, na anga ni la buluu. Picha ikiwa bado na giza huioni hiyo buluu. Pandisha mwanga, na mbwa mweusi anakuwa wa buluu, hasa mashavuni na juu ya pua. Mbwa mweupe aliyelala kwenye nyasi hupata kijani chini ya kidevu na tumboni. Dawa yake ni kuongeza ujoto wa rangi na kupunguza ukolezo wake ndani ya maski ileile uliyopandishia mwanga. Programu inayokuruhusu kugusa mwanga pekee ndani ya maski haikufai, hata ikitolewa kwa nusu bei.

Kipo kifurushi chenye Lightroom na Photoshop pamoja, na kwa picha za uso ndicho ningechukua. Kwenye Photoshop nafungua tabaka jipya (kama karatasi iliyolazwa juu ya picha) la kijivu cha asilimia 50, naliweka kwenye modi ya Soft Light, namna mojawapo ya kulichanganya na picha, kisha napaka nyeupe au nyeusi kwa brashi laini yenye nguvu ndogo sana. Nyeupe inang'arisha, nyeusi inatia giza. Ni ufundi uleule wa chumba cha giza enzi za filamu, mafundi walipoziba mwanga kwa kiganja juu ya karatasi. Kwa mbwa mwenye mikunjo usoni sijaona njia inayoushinda.

Nafasi ya 2: darktable

Haiuzwi. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na inafanya kazi kwenye Linux, Windows na Mac. Utakacholipa ni muda: wiki za mwanzo utapotea humo ndani, maana moduli, yaani zana zake, ni nyingi na majina yake yanatisha. Lakini ina moduli moja, kisawazishaji cha toni, iliyoingia na toleo la 3.0 mwishoni mwa 2019, ambayo naipenda kuliko chochote katika orodha hii. Inaigawa picha kwa ngazi za mwanga na kukuachia uinue giza bila kuubapaza mchoro wa nywele. Manyoya meusi yanapanda, na kila unywele unabaki na upande wake wa mwanga na upande wake wa kivuli. Maski za kuchora unaweza kuziunganisha na maski za kiwango cha mwanga au rangi, kisha ukalainisha kingo zifuate manyoya. Mwenye subira asitafute nyingine.

Nafasi ya 3: Capture One

Hii ni ya wanaopiga mbwa wa watu kwa malipo, hasa studio. Unaunganisha kamera na kompyuta kwa waya, kila picha inatokea kwenye skrini, mwenye mbwa anaona papo hapo. Marekebisho yanakwenda kwa matabaka, na kila tabaka lina maski yake. Inapatikana kwa usajili au kwa leseni ya kudumu. Kwa anayempiga mbwa wake mwenyewe mwisho wa wiki, naiona kubwa mno.

Nafasi ya 4: Affinity

Ilikuwa ya kulipia mara moja. Canva waliinunua mwaka 2024, na tangu mwishoni mwa 2025 inatolewa bure kwa mwenye akaunti yao. Zana yake ya kusafisha kingo za nywele ni nzuri, na ile kazi ya tabaka la kijivu niliyoieleza inafanyika humu bila shida. Imeshuka hadi hapa kwa sababu haina maktaba ya picha. Mbwa hatulii, unarudi nyumbani na picha 300, na kuzipitia mojamoja kwa mtindo huo kunachosha.

Nafasi ya 5: Luminar Neo

Ina zana inayokadiria umbali wa vitu kwenye picha, kisha inakuwezesha kumulika kilicho mbele na kilicho nyuma kila kimoja kivyake. Mara ya kwanza inafurahisha sana. Ukikuza picha hadi asilimia 100 ndipo unaona masikio ya mbwa mwenye manyoya marefu yamezungukwa na ukungu. Kwa mbwa wa manyoya mafupi na anayetaka haraka, inatosha.

Kwenye simu

Snapseed ya Google, bure. Tumia zana ya kuchagua sehemu: gusa jicho, bana vidole duara libaki dogo, ongeza mwanga kidogo. Inafungua pia faili za DNG, ambazo ni aina ya RAW. Usipandishe mpaka mboni ikang'aa kama taa. Ile nukta ya mwanga iliyomo jichoni tayari ndiyo ya kuipa nguvu, na mboni ibaki na giza lake.

Ukibakiwa na fedha, nunua kalamu ya kuchorea na bamba lake kabla ya programu ya pili. Kalamu inasikia uzito wa mkono, panya ya kompyuta haisikii. Na ushushe mwanga wa skrini, kandela 100 hadi 120 kwa mita ya mraba. Skrini inayowaka kupita kiasi inakudanganya kuwa picha ina mwanga wa kutosha, halafu ikichapishwa mbwa amerudi gizani.

Programu nyingi za kulipia zina muda wa majaribio. Usizijaribu kwa picha nzuri. Chukua ile mbaya kuliko zote, mbwa mweusi kivulini na jua kali nyuma yake, mzungushie maski, mpandishe hatua 2 za mwanga, kisha kuza hadi asilimia 100 kwenye ncha ya sikio na chini ya kidevu. Chini ya kidevu kivuli kinatakiwa kibaki, vinginevyo kichwa kinaonekana kimebandikwa shingoni. Na ukiona mstari mweupe kwenye sikio ambao hata brashi haiwezi kuuondoa, ifute programu hiyo kabla siku za majaribio hazijaisha.